Bwana Alinitoa Nje Kabla ya Maua

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana mara ya kwanza sauti yangu imekwama.

Kwa wasionifahamu, naitwa Aline. Wazazi wangu ni Warundi, nimezaliwa kambini Tanzania, na tangu nikiwa na miaka tisa naishi Buffalo, mtaa wa Kensington-Bailey, pamoja na mama yangu. Nawasalimu ninyi wa Columbus mliotupokea kwenye mkutano huu wa Pasaka, mkatulaza kwenye vitanda vyenu huku nyinyi mkilala chini. Nawasalimu ninyi wa Louisville. Miongoni mwenu ameketi Mama Mdogo Odette, yule mwenye kilemba cha njano. Msimtazame sana, atacheka, nami nitapotea kwenye karatasi.

Ndiyo, nasoma karatasi. Nimeiandika mara sita. Ile ya tano ilikuwa nzuri kuliko hii, lakini niliichana kwa sababu ya neno moja. Ndugu zangu, ugonjwa wangu ndio huo, na ndio ninaokuja kuushuhudia.

Kanisa letu lilipopewa kinanda, hakuna aliyejua kukipiga. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilichukua simu ya mama, nikatazama video za watu wanaofundisha, nikaiga vidole vyao juu ya meza ya jikoni mpaka mama akaniuliza kama nina baridi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Sina mwalimu, sina cheti, na kuna jambo lazima niliseme mbele ya wapiga vinanda mlioko huko nyuma: mimi najua kupiga sehemu moja tu. Kwaya ikitaka kuimba juu zaidi au chini zaidi, nabonyeza kile kitufe kinachopandisha au kushusha kinanda kizima, na vidole vyangu vinabaki palepale. Naona mmeshaanza kucheka. Chekeni tu, wengi wenu mnafanya hivyo hivyo!

Kwa kuwa nilijifundisha, niliogopa siku ambayo watu wangegundua kwamba sijui. Basi nikaanza daftari. Kila Jumapili baada ya ibada niliandika makosa yangu. "Wimbo wa pili, kidole kimechelewa." "Wimbo wa nne, nimemaliza kabla ya akina mama." Baadaye daftari likatoka kanisani likaingia maisha yote. Niliandika maneno niliyomwambia mtu nikahisi nimekosea. Niliandika nilivyomsalimia mzee kwa mkono mmoja nikiwa nimebeba mfuko. Kazini, kwenye ghala, nilikagua kila boksi mara tatu kabla ya kulifunga, mpaka msimamizi akaniambia kwamba boksi likikaguliwa sana nalo linachoka. Nilicheka. Nikaenda kuandika kwamba nimechekwa.

Krismasi iliyopita tulikuwa tumejaza kanisa. Papa Safari, kiongozi wa kwaya yetu, Mkongomani wa Uvira, aliinua mikono. Mimi nilikuwa nimebonyeza kitufe kwa ajili ya wimbo uliotangulia na nikasahau kukirudisha. Kwaya ikaingia upande wake, kinanda upande wake. Ndugu zangu, ilikuwa kama magari mawili yanayogombana kwa honi. Papa Safari akasimamisha kila kitu, akageuka, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni:

"Bon, Aline, hii kinanda iko na malaria ama nini?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Leo najua kilikuwa kicheko cha watu wanaonipenda. Siku ile nami nilicheka, nikainuka kama mtu anayekwenda chooni, nikachukua koti langu, nikatoka. Sikurudi.

Januari ikapita, Februari ikapita. Mnaijua theluji ya Buffalo. Inaanguka juu ya ile ya jana, hata jana yenyewe inapotea. Nilikwenda kazini, nikarudi, nikafunga pazia. Siku nyingine kazini nako sikwenda. Sikulala vizuri na sikuamka vizuri. Chakula nilikitazama tu. Mama alifunga na kuomba. Kina mama wa kanisa walikuja, wakaomba, wakapaka mafuta mlangoni, na mimi ndani ya blanketi nilikuwa naomba pia, lakini ombi langu lilikuwa kwamba nisiamke. Nalisema hilo mbele ya mama yangu kwa mara ya pili. Ya kwanza nitawaeleza.

Nikamwandikia Papa Safari ujumbe kwamba sitapiga Columbus, na sitapiga tena popote. Moyoni nilijua kwamba nikiikosa Pasaka hii, sitarudi kanisani kamwe. Na baada ya Pasaka sikuwa nimepanga kitu chochote cha maisha yangu. Hapo ndipo nilipokuwa nimefika.

Mwanzoni mwa Machi, Mama Mdogo akaja kutoka Louisville kwa basi, na dagaa kwenye mkoba. Mama ndiye aliyempigia. Mama Mdogo anafanya kazi ya kumtunza bibi mmoja Mzungu, mzee sana, wa kiti cha magurudumu. Aliingia chumbani kwangu, akafungua pazia bila kuomba ruhusa, akaketi juu ya miguu yangu.

"Bibi yangu ana tabia moja," akasema. "Kila mwaka baridi ikikaribia kwisha, lazima nimtoe nje ya mji akatazame miti. Nikamwambia, bibi, tungoje maua. Akasema, maua kila mtu anayaona. Twende kabla."

"Kuona nini sasa, kama hakuna kitu?"

"Hilo ndilo swali nililomuuliza. Kesho nipeleke nikalitafutie jibu."

Mama yangu aliposikia tunakwenda msituni, alishika kiuno. "Msituni? Kutafuta nini?" Ndugu zangu waliolelewa kambini mnaelewa. Kwa wazazi wetu msitu ulikuwa mahali pa kuni, na mwanamke aliyetoka kambini kutafuta kuni hakujua kama atarudi salama. Kwenda huko kutembea tu, bila shida yoyote, mama aliona ni kutafuta balaa. Mama Mdogo akamjibu, "Dada, nimeuingia msitu mara nyingi kwa hofu. Leo nataka kuuingia kwa miguu yangu tu, mikono mitupu."

Usiku ule niliangalia hali ya hewa mara kumi na moja. Nilifunga jozi nne za soksi. Nilichukua na daftari langu.

Tuliendesha gari la mama karibu saa nzima kutoka mjini, mpaka kwenye vilima, tukaegesha mahali palipokuwa na njia ya kuingia msituni. Theluji ilikuwa bado nene lakini imelainika, na jua lilikuwa limetoka. Mama Mdogo alivaa suruali ya theluji, na juu yake akafunga kitenge, kwa sababu alisema hawezi kutembea mbele ya Mungu kama mwanaume.

Hatukutembea dakika tano akasimama. "Aline, nani amezungusha koleo kwenye kila mti?"

Nikatazama. Kweli! Kila shina lilikuwa na duara lililoyeyuka, theluji imerudi nyuma kama watu wanaompisha mgeni. Mti hadi mti, wote, mpaka macho yanapoishia. Hakukuwa na alama ya koleo. Hakukuwa na alama ya mguu wa mtu. Nikaweka kiganja changu kwenye gome upande wa jua. Lilikuwa na joto! Joto dogo, kama kikombe ulichosahau mezani. Nilikuwa nimeishi Buffalo miaka kumi na mitatu, na sikuwahi kuushika mti wakati wa baridi.

Nikatoa daftari kwa mazoea. Nikaandika kitu, tukaendelea.

Sasa Mama Mdogo alikuwa amesema mikono mitupu. Lakini mnamjua. Aliona tawi kavu limeanguka, akaliokota. Nikamwambia, "Mama Mdogo, nyumbani tunapikia umeme." Akasema, "Najua," akaokota la pili. Kufikia kilima cha pili alikuwa na mzigo mzima, ameufunga kwa kitenge kile alichokivaa, ameuweka kichwani, na anatembea wima bila kuushika. "Shingo imekumbuka," akasema, na kwa kweli alionekana mwenye furaha.

Ndipo tukaona ndoo.

Zilikuwa ndoo za bati zenye vifuniko, zimening'inia kwenye miti, karibu kila mti na ndoo yake. Tukisimama kimya tulizisikia. Ti. Ti. Ti. Kitu kinadondoka ndani ya kila moja, msitu mzima unadondoka. Nikaandika tena kwenye daftari. Mama Mdogo akainua kifuniko, akainama na kuni zake kichwani, akanusa. Uso wake ukabadilika.

"Aline. Hawa watu wanagema."

"Wanagema nini?"

"Unaniuliza mimi? Mtu anatoboa mti, anafunga chombo, jioni anarudi na rafiki zake. Babu yako alikuwa mgema wa michikichi kule ziwani kabla hajaokoka. Mimi ndiye niliyembebea vibuyu. Siwezi kudanganywa na ndoo za bati." Akachovya kidole, akalamba, akafikiri. "Bado changa. Haijachacha." Akalamba tena.

"Mama Mdogo, wewe ni shemasi!"

"Ninachunguza."

Ndugu zangu, nilicheka. Sauti ilinitoka nikageuka kutazama ni nani. Na nilipogeuka ndipo nikaona, kwenye mti tulioupita, kibao kidogo kilichoandikwa kwamba eneo hili ni mali ya mtu na wageni wasiingie. Tulikuwa tumetoka kwenye njia. Tulikuwa kwenye shamba la mtu, tumebeba kuni zake, tumelamba ndoo yake.

Kifua kikanibana. Mnaoijua hali hiyo mnaijua. Masikio yanavuma, mikono inakufa ganzi, unaona mwisho wa kila kitu. Niliona polisi. Niliona kazi yangu imekwisha. Niliona kwamba mama alikuwa amesema kweli kuhusu msitu. Na hapo hapo mtu akaita kutoka chini ya miti, sauti ya mwanaume.

Mama Mdogo hakukimbia. Alinishika mkono, akatembea kuelekea kwenye sauti ile na mzigo wake kichwani, kama mtu aliyealikwa.

Alikuwa mzee Mzungu, kofia ya sufu yenye tundu, nyusi zimelowa mvuke. Alimtazama Mama Mdogo, akautazama mzigo, akautazama tena. Kisha akasema kwa Kiingereza chao, "Kumbe mmeniletea kuni! Zangu zinakaribia kwisha."

Nikamfasiria Mama Mdogo. Akajibu, "Mwambie kuni ni zake, tumeziokota tu. Lakini mwambie habari ya pombe sisi tumeiacha, na yeye afikirie."

Nilifasiri. Sikuwa na namna! Mzee yule alicheka mpaka akashika mti. Akatuambia njia imejificha chini ya theluji, kila mwaka watu wanapotelea kwake, na kwamba tukitaka kuona pombe yake, twende.

Kulikuwa na banda lenye moshi. Ndani, juu ya moto wa kuni, sufuria pana kama mlango inachemka, na mvuke mtamu umejaa mpaka darini. Akatueleza. Ile ni miti ambayo jani lake limechorwa kwenye bendera ya Kanada, jirani zetu. Maji yake hayalevyi. Yanachemshwa kutwa nzima, ndoo nyingi sana, mpaka yanabaki kidogo, mazito kama asali, wanamwagia vitumbua vyao vya asubuhi. Mama Mdogo alipewa kijiko. Akafumba macho. Halafu, ndugu zangu, akaanza kumchochelea mzee moto wake, kwa sababu aliona anaupanga vibaya.

Na mimi? Mimi nilikuwa naongea! Nilikuwa namuuliza. Kwa nini sasa, na si wakati wa joto? Akasema lazima usiku ugande na mchana uyeyuke. Kukiwa na baridi tupu, hakuna kinachotoka. Kukiwa na joto tupu, msimu umekwisha. Yanatoka katika siku hizi mbaya tu, siku ambazo kila mtu amezichoka. Nikamuuliza, kwa nini mti unafanya hivyo? Akakuna kofia.

"Sijui vizuri," akasema. "Baba yangu alifanya kazi hii hapa, nami naifanya tangu utoto, na sijui vizuri."

Nilimtazama kama nimeona maajabu. Mtu mzima, kazi ya maisha yake, anasema hajui vizuri, na anaendelea kukoroga!

Nikauliza, "Unajuaje kwamba imeiva?" Akainua upawa, akanionyesha inavyoteremka kama kitambaa badala ya matone. "Na ukikosea?"

"Inaungua. Wiki iliyopita niliunguza sufuria nzima." Akaonyesha kwa kidole. Ilikuwa pale mlangoni, nyeusi ti.

"Ukafanya nini?"

"Nikasugua."

"Halafu?"

Hakuelewa ninachotafuta. Akainua mabega. "Halafu nikaenda kwenye ndoo. Zilikuwa zimejaa. Miti haikujua kwamba nimeunguza."

Ndugu zangu! Mahubiri nimesikia mengi, na wachungaji wangu mnisamehe, lakini Mungu aliniwekea mahubiri yangu kwenye kinywa cha mzee ambaye hata hakujua anahubiri. Tangu Krismasi nilikuwa nimekaa kando ya sufuria nyeusi, naitazama, naandika jinsi ilivyo nyeusi. Na muda wote huo rehema ya Bwana ilikuwa inadondoka. Ti. Ti. Ti. Sikuwa nimekwenda kuangalia ndoo.

Tukarudi kwa njia aliyotuelekeza. Kuni tukamwachia. Mama Mdogo, kichwa chepesi, akaanza kuimba. Alianza juu mno. Kwenye mstari wa pili sauti ikagonga dari, ikakatika, akakohoa, mbwa fulani akabweka kwa mbali. Akacheka, akasema, "Huko hakufai," akaanza tena chini kidogo, kama mtu anayehamisha kiti. Hakuomba msamaha. Hakutazama nyuma. Na mimi, ambaye siku zote lazima nitoe sauti kwanza ndipo kwaya ianze, nikakuta nimeingia katikati ya wimbo, sauti ya pili, bila kinanda, bila kitufe, na sauti yangu ilikuwa mahali pake.

Kwenye gari nilifungua daftari niandike kosa la kuingia shamba la watu. Nikakuta nilichoandika kule msituni. "Kwa nini theluji inaukimbia mti?" Chini yake: "Joto linatoka wapi?" Na chini yake: "Je, mti unasikia ndoo?" Hakukuwa na kosa hata moja. Ukurasa mzima ulikuwa maswali.

Jioni ile nilimwambia mama ukweli, yale niliyokuwa naomba chini ya blanketi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Mama hakunikemea. Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na sahani ya wali na dagaa, akanilisha kwa mkono wake, mimi binti wa miaka ishirini na miwili. Tulilia wote wawili, na Mama Mdogo akalia mlangoni. Wiki ile walinipeleka kwa daktari, naendelea kwenda, na sioni aibu kulisema kanisani. Bwana ana mikono mingi.

Sitawadanganya kwamba hofu imekwisha. Asubuhi nyingine bado inaketi juu ya miguu yangu. Lakini nafungua pazia mwenyewe. Na Papa Safari alipokuja nyumbani, nilimwambia jinsi neno lake lilivyonichoma. Mzee wa watu alishika kichwa. "Mtoto yangu," akasema, "siye tuliimba vibaya miaka mingi mbele uzaliwe, donc kuja tuimbe vibaya pamoja."

Basi nashukuru. Namshukuru Mungu aliyenitoa nje kabla ya maua, wakati ambao sikuona kitu cha kutazama. Namshukuru mama yangu aliyepiga simu. Namshukuru Mama Mdogo, shemasi mchunguzi wa ndoo. Na kama kuna mtu hapa aliyefunga pazia lake, wa Buffalo, wa Louisville, au wewe wa hapa Columbus, mtaa huu wa Clintonville, unayekaa barabara ya pili tu na leo umejilazimisha kuja, mtegemee Bwana na umwambie mtu mmoja. Wakati wa chakula njoo uketi karibu nami. Sitakuhubiria. Tutatoka tukaangalie mti ulioko kwenye maegesho, nina maswali juu yake.

Daftari ninalo hapa. Swali la mwisho nimeliandika leo asubuhi: "Itakuwaje wakianza wao?"

Kwaya ya Buffalo, simameni. Nakwenda kwenye kinanda, na kitufe kile sitakigusa. Papa Safari, anza wewe, juu au chini, popote sauti yako itakapoangukia. Nitakutafuta mpaka nikupate.